Chaki Haina Mizani

Mzee Chande haoni vizuri siku hizi, lakini masikio yake ni yale yale. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, katikati ya yadi ya malori ya Chang'ombe, akasikia sauti za wanawake getini. Akauliza kwa nguvu, "Dada Mizani kaja?" Tukajibu wawili kwa pamoja: "Nimekuja!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini? Mwanahawa alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake, baibui limemkaa, miwani ya bei mbaya juu ya pua, na mimi nimetoka Kimara na miguu imevimba. Nina wajukuu wanaoniamkia shikamoo. Nina sukari ninayoichunga kama mtoto mchanga. Lakini jina tu la kuitwa na makuli lilinipandisha joto hadi masikioni, nikamtazama yule mwanamke kama nilivyomtazama siku alipoingiza mkeka wake chumbani kwangu. Mtoto wa Bwana Murtaza, mwenye yadi, ndiye aliyetuita. Baba yake ameshatangulia, yadi inauzwa, akasema kabla hajakabidhi funguo wafanyakazi wa zamani waje wale biriani pamoja na kuagana na mahali. Nilikwenda kwa sababu ya biriani, na kwa sababu nilisikia Mwanahawa naye anakwenda. Nilitaka kuona kama amezeeka. Hajazeeka sana.

Watu hudhani lori huzidi uzito kwa sababu limebeba vingi mno. Si lazima. Kwenye mizani ya barabarani wanapima gari zima, halafu wanapima ekseli, yale machuma yanayoshika magurudumu, kundi moja baada ya jingine. Gari zima laweza kuwa halali na ekseli ikawa haramu, na hapo dereva anawekwa pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Kwa hiyo kazi haikuwa kupakia tu, ilikuwa kugawa. Makuli wetu waliligawa tela kama mnyama: kichwani ni upande wa dereva, ambako tela linalalia gari linalolivuta, tumboni ni katikati, mkiani ni nyuma, juu ya magurudumu ya tela lenyewe. Ukijaza sana kichwani, gari linaelemewa. Ukijaza mkiani, ekseli za tela zinalia. Mwaka ule ninaousema nilikuwa msichana mwembamba mwenye kalamu sikioni, na karani pekee wa upakiaji pale yadini. Kabla kuli hajagusa mfuko, nilipanda telani na chaki, nikachora mistari ubavuni: hapa mifuko iishie, hapa ipande, hapa ishuke. Kisha nilirudi nyuma, nikachuchumaa, nikatazama springi zilivyokaa. Magari yangu hayakurudishwa. Dereva mmoja aitwaye Kondo ndiye aliyenipa jina. Alirudi safari ya Tunduma, akasimama katikati ya yadi akatangaza, "Mzigo wa Dada Mizani naupitisha huku napiga mluzi!" Kuanzia siku ile hakuna aliyeniita Zena. Nilikuwa na nguo chache na kitanda kibovu, lakini nilikuwa na jina ambalo sikupewa na mzazi wala mume, na nilitembea nalo Tandika nzima kama mtu aliyevaa dhahabu.

Mwanahawa alikuja masika yalipokwisha. Kazi ilikuwa imeongezeka, Bwana Murtaza akataka makarani wawili. Akaniita ofisini, mahali palipokuwa na harufu ya iliki na karatasi kuukuu, akasema kwa upole wake, "Zena binti yangu, wewe una chumba. Kaa na mwenzio mpaka apate pake." Ningekataaje? Chumba chenyewe kilikuwa Tandika, nyumba ya vyumba sita na ukumbi mrefu, dirisha langu likitazama uani kwenye kamba za nguo. Mwanahawa alikuwa mtoto wa Mbagala, wenyeji wa mji wasiohitaji kueleza walitoka wapi, na aliingia mle kana kwamba chumba ndicho kilichokuwa kikimsubiri. Siku ya kwanza alipika mihogo ya nazi na papa. Sijawahi kula mihogo ile tena mahali popote. Nilikula kwa hasira, nikaongeza, nikala kwa hasira tena. Akaniuliza, "Chumvi imekaa, dada?" Nikamwambia, "Imezidi kidogo." Haikuwa imezidi hata chembe. Wapangaji wenzangu, watu niliokaa nao muda mrefu bila kuombana hata kiberiti, wakaanza kupita mlangoni kumsalimia yeye na kuonja sufuria lake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilizidi kuugua.

Yote hayo ningeyavumilia kama asingegusa kazi. Alipopewa tela lake la kwanza nilimpa kipande cha chaki, kwa wema au kwa kujionyesha, sijui. Akakitazama, akakitia mfukoni, akapanda juu ya ubao wa tela na kuanza kuimba. Alikuwa anatunga palepale, mashairi ya mistari minne yenye vina vyake, na makuli wakabeba kwa kufuata sauti. Nilidhani ni mchezo, mpaka nilipoona utaratibu. Mstari wa kwanza, mifuko ya mzunguko ule ilikwenda kichwani. Wa pili na wa tatu, tumboni. Wa mwisho, kile wanachokiita kituo, mkiani. Ubeti mmoja, mzunguko mmoja, kisha ubeti mwingine. Hakuhesabu, hakuchora, na tela likajaa limenyooka kama kitanda cha hospitali. Kondo akamuuliza amejifunza wapi. "Mie najua mizani moja tu, ya shairi," akajibu, akijipepea na ncha ya mtandio. "Mstari ukizidi silabi umepinda. Tela likizidi mfuko limepinda. Ishu ni ile ile, braza." Makuli wakapiga makofi. Wanaume wale wale ambao kwangu walibeba kimya, wakinung'unika mgongo na jua, kwake walibeba wakicheka, na wakamaliza mapema. Usiku wa kuamkia siku ya pili nilijaribu kutunga na mimi, kimoyomoyo. Nilipata maneno, sikupata vina. Nikipata vina, mstari unapinda.

Palikuwa na kibanda cha chai kilichoegemea ukuta wa bati wa stoo yetu. Aliyekuwa ndani ya stoo alisikia kila neno la wanywaji chai, nao hawakujua. Asubuhi moja nilikuwa naangalia mifuko iliyolowa, nikasikia sauti ya Kondo ikisema, "Mzigo wangu wa kesho apange Dada Mizani." Moyo ukanichanua. Mwenzake akauliza, "Yupi, yule wa chaki?" Kondo akacheka, vikombe vikagongana. "Aa, yule Zena. Namsema Dada Mizani mwenyewe, mwenye mizani yake mdomoni." Nilisimama mle ndani na mfuko mikononi. Watu husema wivu ni wa mapenzi. Mimi nimempenda mwanamume na nimemfumania, namshukuru Mungu nilishasahau sura yake, lakini sauti ile iliyopita kwenye bati naisikia hadi leo. Mtu akichukua mume wako, mume mwenyewe ana miguu, huenda alitaka kwenda. Jina halina miguu. Jina hubebwa.

Nafuu yangu ilikuja Muharram. Bwana Murtaza na watu wa nyumbani kwake, kwa kuwa ni Mashia, walivaa nyeusi, na kwa siku zile aliwaomba wafanyakazi wasiimbe yadini kwa heshima ya msiba wao. Aliomba kwa adabu, na kila siku alileta sharubati baridi kwenye madumu, akatugawia kwa mkono wake. Makuli walinyamaza. Mwanahawa bila sauti alikuwa kama fundi bila nyundo. Alisimama juu ya ubao akionyesha kwa vidole, na watu wakachanganyikiwa. Nikachukua chaki yangu nikapanda. Sijui kama ni halali mtu kufurahi katika maombolezo ya mwenzake, lakini nilifurahi. Hata Kondo aliniita Dada Mizani siku moja, labda kwa kusahau, na mimi nikanywa sharubati yangu taratibu ili ladha isiishe. Muharram ilipokatika, nyimbo zikarudi, na jina likarudi kwa mwenye sauti. Wakati huo huo mizigo ikaanza kupungua, na Bwana Murtaza akatuita wote wawili ofisini. Alikuwa haoni raha kusema. "Mabinti zangu, mwaka ukiisha nabaki na karani mmoja. Nitamtazama ambaye magari yake hayarudi." Tulitoka mle tukitembea sambamba, na jioni tulikula sahani moja bila kuangaliana.

Baada ya hapo homa ikanishika. Nililala chumbani siku ambayo Mwanahawa alipakia chumvi kwenye tela la Kondo, mzigo wa Tunduma. Asubuhi yake nikaamka mwepesi, nikaenda kazini, nikakuta turubai limeshafungwa. Utaratibu mpya ulikuwa karani mmoja apande na gari hadi mizani, awajibike kwa mzigo. Mwanahawa akipanda gari alitapika, kila mtu alijua. Nikajitolea. Nilitaka kuwa pale kama likirudishwa, nione kwa macho yangu mawili. Kabla ya kupanda nilichuchumaa kama kawaida yangu, nikatazama springi. Nikamwita Kondo. "Mkia umelala." Kondo akatazama, akatikisa kichwa. "Dada Zena, huo wivu. Panda twende." Mwanahawa alikuwa amesimama palepale, kanga begani, akatabasamu hivi, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Nikapanda. Chande, ambaye wakati ule alikuwa kiongozi wa makuli na kifua chake kipana kama mlango, alikuwa amepewa lifti hadi Chalinze kwa dada yake, akakaa katikati yetu. Tulipita Ubungo, tukapita Kimara.

Kwenye mizani yule kijana wa serikali hakubishana nasi. Gari zima sawa, akasema, ekseli za tela zimezidi. Wekeni pembeni, pangeni upya, mrudi. Naapa sijawahi kusikia Kiswahili kitamu kama kile. Niligeuka kumtazama Kondo, na Kondo akawa anatazama viatu vyake. Lakini jambo moja lilinitatiza. Wimbo wa Mwanahawa haukuwahi kuzidisha mkia. Ulikuwa sawa siku zote, na niliuchunguza vya kutosha nikiutafutia kasoro. Nikauliza, "Jana mlipakiaje?" Chande akakohoa. "Kama kila siku. Ila kituo tulikirudia kidogo." Kituo ndicho kilichopeleka mifuko mkiani, kwa hiyo kila walipokirudia, mkia uliongezewa mzunguko. "Mlikirudia kwa nini?" "Kilikuwa kitamu, dada." "Kitamu vipi?" Wakatazamana. Nikasema sishuki na hakuna mfuko utakaoguswa mpaka nisikie. Basi Chande, mtu mzima na ndevu zake, akaufumba uso kwa kiganja na kuusema ubeti mzima, bila kuimba:

Dada chaki mkononi, achora yakafutika,
Sie jasho maungoni, yeye vumbi kajipaka,
Uzito u mabegani, si mstari wa kuweka,
Chaki haina mizani, unga wa kupeperuka.

Nilikuwa nimelala na homa, na wanaume wazima wakaupenda mstari wa kunisimanga hivi kwamba wakaurudia na kuurudia, wakacheka na kuurudia, mpaka ekseli zikazidi. Uzito ule uliokuwa mkiani ulikuwa mimi. Nilitaka kulia, nikakuta siwezi, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nauhesabu. Nane kwa nane. Kila mstari. Vina havikulegea hata kimoja, na zaidi ya hapo, mambo aliyoyasema yalikuwa kweli.

Vibarua wa pale wakaletwa, turubai likafunguliwa. Nikatoa chaki, na manyunyu yakaanza. Chaki haishiki juu ya mfuko wa chumvi uliolowa. Nilichora, ikafutika, nikachora, ikafutika, na Chande akatazama pembeni kwa adabu. Vibarua wakaanza kuvuta mifuko ovyo, huyu hapa, yule kule. Chande akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hawa wanahitaji wimbo. Mie nabeba, siwezi kuimba. Aimbe asiyebeba." Nikamwambia sijui wimbo. Akanitazama. Wote wawili tulijua kwamba nilijua mmoja. Nikasimama kwenye tairi la akiba, na sauti yangu, Mungu anisamehe, ni ya mlango wa bati, nikaimba: chaki haina mizani, unga wa kupeperuka. Mifuko ikatoka mkiani ikaenda kichwani. Nikaimba tena. Madereva waliokuwa kwenye foleni wakashuka kusikiliza. Tena. Wakaanza kupokea, sauti nene za wanaume, wakipiga makofi juu ya boneti, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba dada mwenyewe ndiye huyo anayewaimbisha. Nilijisimanga mbele ya umati mpaka koo likakauka, huku macho yangu yakiwa kwenye springi, na zilipoinuka nilipotaka nikanyoosha mkono wakanyamaza papo hapo. Nitasema ukweli: ule ukimya, kundi la wanaume kunyamaza kwa mkono wangu, ulikuwa mtamu. Nikaelewa kwa nini yeye alikuwa na raha kila siku, na nikazidi kumchukia. Gari likapimwa, likapita.

Bwana Murtaza alinibakisha mimi. Kondo alimweleza kila kitu, pamoja na mkia ulivyolala asubuhi ile na nani aliyeuona. Mwanahawa hakulia wala hakununa. Alikunja mkeka wake, akaniachia sufuria, akaenda Mikocheni kwa kampuni nyingine iliyomsikia sifa zake, na miaka ilipopita akawa na magari yake mwenyewe. Mimi nilikaa pale Chang'ombe hadi nilipostaafu. Kazi nilibaki nayo. Jina aliondoka nalo, na kila alikokwenda walimwita hivyo, na pale yadini makuli wapya walifundishwa na makuli wa zamani kupakia kwa kuimba, na ubeti walioupenda kuliko yote mnaujua. Niliusikia kila wiki ya maisha yangu ya kazi. Walipogundua unanihusu waliacha, kwa heshima, nami nikawaambia waendelee, maana bila huo walipakia vibaya.

Basi juzi, biriani lilipokwisha na vinywaji vikagawiwa, Mzee Chande akageuza uso kule sauti ya Mwanahawa ilikokuwa, akasema, "Mwanahawa, mwanangu, tuagie yadi kwa ule wa chaki." Watu wakashangilia. Mwanahawa akajivuta kidogo kwanza, kama wafanyavyo waimbaji, kisha akavua miwani akasimama. Sauti yake imepungua lakini bado ina asali. Akaimba mstari wa kwanza. Akaimba wa pili. Akafika wa tatu, akasita. "Uzito u..." akasema, akacheka, akajigonga paji la uso. "Uzito u wapi vile? Uzee huu jamani!" Nikausema mimi, kutoka kitini kwangu: "Uzito u mabegani, si mstari wa kuweka." Akaudaka, akaumalizia na kituo chake, na makofi yakawa yake. Alipokaa akanishika mkono, kiganja chake laini, akaniinamia na uso uliojaa furaha ya kweli. "Ahsante shoga yangu. Kumbe unaukumbuka! Mie nilishatunga mengi, yananichanganya. Hivi huyo dada wa chaki alikuwa nani vile?"

Mzee Chande aliacha kunywa. Nilimtazama Mwanahawa machoni nikitafuta kijembe, na hakikuwamo. Hakujua. Alikuwa ameuweka chini mzigo ule siku alipoutunga na kwenda zake. Nikamwambia hata mimi sikumbuki. Nikarudi Kimara na miguu yangu iliyovimba, nikaukalia ukingo wa kitanda bila kuvua kanga. Nilimwonea gere mihogo yake, sauti yake, jina lake, magari yake. Lakini hakuna nilichopata kumwonea gere kama kule kusahau.